Aliyeshindwa mnadani ndiye anayewindwa

Utapeli wa minadani ukizungumzwa, wengi humtazama aliyeshinda tu. Mimi nauza kamera kuukuu kwenye minada ya mtandaoni, na ninavyoona, windo hasa ni yule wa pili. Kitu anakitamani, hela anayo, kakikosa padogo tu.

Siku mbili baada ya kuuza kamera moja, jamaa aliyeshindwa akaniandikia: "Nitume hela leo?" Utume wapi tena, ndugu yangu? Kumbe kapata barua pepe yenye picha zangu zilezile, hadi ile iliyonasa kidole gumba changu, ikidai mshindi kajitoa na yeye alipe haraka kwa kumtumia wakala. Bahati yake aliuliza kwanza.

Uongo huu unaingia akilini kwa sababu una mfano halali. eBay, kwa mfano, humruhusu muuzaji kumpa aliyeshindwa nafasi ya pili. Lakini ofa ya kweli utaiona ukifungua akaunti yako mwenyewe, na malipo yanafanyika humohumo. Tena, ili matapeli wasiwafikie walioshindwa, eBay huficha majina ya wanaopanda dau, unaona herufi mbili na vinyota. Wapo wanaolalamika kwamba hilo linawaficha wauzaji wanaojipandishia bei. Wana hoja.

Siku hizi naandika juu kabisa ya tangazo: "Kamera ni moja. Ukishindwa, sina nyingine, na sitakuandikia nje ya hapa." Mteja mmoja kaniambia nina maringo. Sawa tu.