Toroli la Mombasa: Tusiwasahau Waliosukuma

Majuzi nilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Mombasa pamoja na wanafunzi wangu wa isimu. Basi letu lilipofika Mackinnon Road, katika Kaunti ya Kwale, tulisimama kwenye msikiti ulio kando ya reli ili wenye kusali wasali, na wengine wanyooshe miguu. Mwanafunzi mmoja alilitazama jina la mji ubaoni, akaniuliza: "Mwalimu, huyu Mackinnon alikuwa nani?" Niliwageukia wenzake nikitumaini kwamba mmoja wao angenipokonya jibu. Wote walinyamaza, ingawa wengi walikuwa wamepita hapo mara nyingi.

Sir William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Uskoti. Ndiye aliyeiongoza Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Jina la mji huu ni mabaki ya njia ya magari ya ng'ombe iliyoanzishwa na kampuni hiyo katika miaka ya 1890, itoke Mombasa hadi Busia. Kampuni yenyewe haikudumu. Mnamo mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua nafasi yake, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli kubwa ukaanza.

Lakini kampuni hiyo iliacha alama nyingine ambayo haijaandikwa kwenye ubao wowote wa barabarani. Mwaka 1890 ilianza kutandaza reli nyembamba ya upana wa futi 2 kuelekea bara. Kazi hiyo ilikwama baada ya maili chache tu. Vyuma vyake vikaja kutumika kisiwani Mombasa, katika njia ya toroli iliyotoka upande wa Mji wa Kale ikakata kisiwa hadi Kilindini. Kwa muda wa miaka thelathini hivi, mgeni aliyeshuka melini aliuona mji wa Mombasa akiwa ameketi katika kigari chenye benchi na paa la turubai, kikiteleza polepole juu ya reli. Magari ya petroli yalipoenea, toroli hizo zilitoweka.

Je, kigari hicho kilikwenda kwa nguvu gani? Hakikuwa na injini, wala farasi. Kilisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma yake, katika jua la Mombasa. Katika picha za zamani nilizopata kuziona, abiria ameketi wima na kofia yake, na wasukumaji wamesimama nyuma wakiitazama kamera. Maelezo chini ya picha hutaja jina la barabara, na pengine cheo cha abiria. Majina ya wasukumaji sijayaona hata mara moja.

Nayasema haya si kwa sababu ya kupenda mambo ya kale tu. Utalii ni riziki ya pwani yetu. Kila siku wageni hutoka katika hoteli za Diani, wakavuka kivuko cha Likoni, kisha wakazungushwa mjini kwa mabasi madogo au kwa tuktuk. Shule nazo huleta wanafunzi. Mara nyingi nimesimama karibu na makundi hayo nikisikiliza wanavyosimuliwa. Huambiwa kwamba Vasco da Gama alifika mwaka 1498, na kwamba Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Hayo ni kweli, na ngome hiyo inastahili heshima iliyopewa na UNESCO mwaka 2011. Hata hivyo, msikilizaji huondoka akidhani kwamba mji huu ulijengwa na manahodha na magavana peke yao.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba mtalii amelipa fedha zake ili apumzike, si ili asomewe matanga. Hoja hiyo ina uzito, lakini tutazame wenzetu. Kusini mwa Marekani, katika miji mikongwe kama Savannah na Charleston, watalii huzungushwa kwa magari yaliyoundwa mfano wa tramu za zamani, wakionyeshwa majumba ya fahari. Kwa miaka mingi habari za watumwa, ambao jasho lao ndilo lililoyalipia majumba hayo, zilitajwa kwa kunong'onezwa. Hali imeanza kubadilika. Savannah ilisimamisha sanamu ya kumbukumbu ya Wamarekani weusi kando ya mto mwaka 2002, na Charleston ilifungua makumbusho makubwa ya historia yao mwaka 2023, mahali penyewe ambapo meli za watumwa zilikuwa zikitia nanga. Watalii hawakukimbia. Ukweli umekuwa sehemu ya kile wanachokwenda kukitazama.

Sisi tunao ushahidi wa karibu zaidi, na uko pale pale Mackinnon Road. Msikiti tuliosimama una kaburi la Sayyid Baghali Shah, mcha Mungu anayesimuliwa kwamba alifanya kazi ya reli, na kwamba karai la udongo lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Reli ile iliwaleta wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Tazama basi ajabu hii: mji una jina la mwenye kampuni, lakini madereva husimamisha magari yao kwa ajili ya kaburi la mfanyakazi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti za Kwale na Taita Taveta zimevutana juu ya mji huu na ushuru wake. Laiti zingeshindana pia kuusimulia!

Lugha yetu imehifadhi mengi. Neno "gari" tulilipata kutoka Bara Hindi, "reli" kutoka kwa Waingereza. "Toroli" leo ni kigari cha kusukumia mizigo: abiria ameshuka, msukumaji bado yupo. Kilindini ni penye kilindi cha maji. Ndia Kuu, barabara maarufu ya Mji wa Kale, haihusiani na India hata kidogo. Kimvita husema "ndia" pale Kiswahili sanifu kisemapo "njia". Mwalimu anaweza kufundisha somo zima la historia kwa maneno hayo matano tu.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Mnapowapeleka wanafunzi Mombasa, wasimameni Mackinnon Road walau nusu saa, waulize jina hilo lilitoka wapi na kaburi lile ni la nani. Mkifika Mji wa Kale, teremkeni garini, kwani vichochoro vyake havikuumbwa kwa magurudumu. Watumeni kwa wazee wakaandike majina ya babu zao waliokuwa makuli, wachukuzi na mafundi, kabla wazee hao hawajatutoka. Penye wazee hapaharibiki neno, lakini wazee hawakai milele.

Na kwako mwanafunzi: utakapoiona picha ya zamani ya Mombasa, usiishie kumtazama aliyeketi. Uliza ni nani aliyekuwa akisukuma.