Siti ya mbele kwenye ndege: nani ameilipia?



Ndugu zangu katika imani, wiki hii nimeulizwa na watu watatu kuhusu siti za ndege. Wa kwanza anauliza kama kupanda daraja la biashara ni israfu. Wa pili shirika lilimpandisha daraja bure, anataka kujua kama ni halali yake. Wa tatu ndiye aliyenifanya niandike. Mama yake, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alikwenda Umra na kikundi. Kiongozi wa kikundi alikaa mbele, akalala kitandani. Mama aliwekwa siti ya katikati huko nyuma karibu na choo, akafika miguu imevimba. Mtoto anauliza: nikilisema hili, nitakuwa namsengenya sheikh?

Wengi wenu huko mbele mnapita tu mkielekezwa nyuma, kwa hiyo nianze na siti zenyewe.

Chukua Dreamliner ya Air Tanzania, ile Boeing 787-8 iliyotua Dar kwa mara ya kwanza Julai 2018. Ina siti 262. Za biashara ni 22, za kawaida ni 240. Nyuma watu wanakaa tisa kwa mstari, watatu watatu watatu. Boeing walipoitangaza ndege hii mwanzoni, mpango ulikuwa wanane kwa mstari. Karibu mashirika yote yakachagua tisa, na Japan Airlines ni miongoni mwa wachache waliobaki na wanane kwenye safari zao za kimataifa. Sasa fikiria: tumbo la ndege halikupanuliwa hata inchi moja. Ile siti ya tisa imetoka kwenye mabega yako wewe. Sisi wa Mwenge hatuhitaji kuelezwa zaidi, maana konda anaposema "sogeeni kidogo, hapo wanakaa watatu" tunajua nafasi inatoka wapi. Tofauti ni kwamba kwenye ndege ni levo siti, hakuna wa kusimama.

Mbele mambo ni mengine. Mwaka 2000 British Airways waliweka kwenye daraja la biashara siti inayolala flati kabisa kama kitanda. Mwaka 2017 Qatar Airways wakaleta siti wanayoiita Qsuite, yenye mlango wake wa kufunga, na baadhi ya zile za katikati zinaunganishwa zikawa kitanda cha watu wawili. Emirates wao tangu 2008 wana bafu kwenye daraja la kwanza la A380. Mtu anaoga angani! Siti moja ya namna hiyo inakula nafasi ya abiria kadhaa wa nyuma, na bei yake inafuata hivyo hivyo.

Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alitufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, kwa sababu inamzuia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Kisha angalia wanachouza mle mbele: chakula kizuri, kinywaji, usingizi. Ni mambo yaleyale matatu. Kwa hiyo usiniambie kwamba anayetafuta kupunguziwa adhabu ya safari ana kiburi. Inawezekana ana mgongo mbovu. Inawezekana ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayetua Guangzhou asubuhi na saa mbili baadaye yuko kiwandani anahesabu mzigo. Mwenye mali yake ya halali, ametoa zaka, hadaiwi na mtu, watu wa nyumbani kwake wanakula, huyo akinunua siti ya mbele sina neno naye. Anayekopa ili apigwe picha kwenye siti, hilo ni jambo jingine, na mwenyewe analijua.

Aliyepandishwa bure naye jibu lake ni fupi. Mashirika huuza tiketi kuzidi siti zilizopo, kwa kutegemea kwamba baadhi ya watu hawatatokea. Wote wakitokea, inabidi wengine wasogezwe mbele. Mwenye mali amekupa kwa hiari yake, kaa, sema Alhamdulillah. Wapo pia wanaotumiwa barua pepe kwamba watoe dau la kuongezea juu ya tiketi ili wapate siti ya mbele. Wengine wanaogopa kuwa ni kamari. Kama dau lisipokubaliwa hukatwi hata senti, na likikubaliwa unapata siti unayoijua, mimi sioni kamari hapo. Ila kuchungulia pazia, ukaona siti tupu, ukajihamishia mwenyewe wakati taa zimezimwa, hiyo umekula kisicho chako.

Sasa tuje kwa mama yetu na kiongozi wake.

Ni desturi ya biashara ya safari kwamba anayepeleka kundi kubwa hupewa kitu: tiketi ya bure, punguzo, au kupandishwa daraja. Kiongozi wa kikundi akishapewa, husema "hii nimepewa mimi, siyo hela ya mahujaji." Ndugu yangu, hoja hiyo ilishasemwa Madina na ilishajibiwa. Mtume alimtuma mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akakasirika, akapanda mimbari, akauliza mbele za watu: kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama hiyo zawadi ingemfuata huko? Bukhari na Muslim wote wameipokea.

Jiulize hivyohivyo, sheikh mwenzangu unayepeleka watu. Ungekwenda wewe peke yako, na tiketi yako moja, wangekupandisha mbele? Wamekupandisha kwa sababu ya wale wazee arobaini nyuma yako, waliouza mbuzi, waliochangiwa na watoto wao, waliokusanya mamilioni kidogo kidogo kwa miaka. Zawadi imepita mkononi mwako lakini mizizi yake iko kwenye pesa zao. Kwa hiyo ama uwaeleze mapema, kabla hawajalipa, kwamba sehemu ya ujira wako ni siti ya mbele, nao wakubali, ama faida hiyo uirudishe kwao. Njia ya tatu mimi siijui.

Na hata wakikubali, kiongozi ana mfano wa kuutazama. Siku ya kwenda Badr ngamia walikuwa wachache, watu watatu wanapokezana ngamia mmoja. Mtume alikuwa zamu moja na Ali na Abu Lubaba. Zamu yake ya kutembea ilipofika wakamwambia wao watatembea kwa niaba yake. Akakataa, akawaambia hawamzidi nguvu, wala yeye si kwamba hahitaji thawabu kama wanavyoihitaji wao. Imam Ahmad ameipokea. Huyo ndiye aliyekuwa na haki kuliko kiumbe yeyote ya kupewa siti ya mbele, na alishuka akatembea zamu yake.

Msidhani nawasema viongozi wa vikundi peke yao. Novemba 2015 Rais Magufuli alipofungua Bunge alitaja kwamba safari za nje za watumishi wa umma zilikuwa zimegharimu shilingi bilioni 356.3 katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, na tiketi za ndege peke yake zilichukua zaidi ya bilioni 183. Mkulima wa Mtwara aliyechangia humo kwa kodi hajawahi hata kuvuka geti la uwanja wa ndege. Hivyo wewe mtumishi, wewe mjumbe wa taasisi ya dini unayesafiri kwa pesa ya wafadhili wa visima na mayatima, mizani yako ni hiyohiyo ya Ibn al-Lutbiyya.

Miguu ya mama nayo tusiipuuze. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilitoa matokeo ya utafiti kwamba safari ya zaidi ya saa nne ya kukaa bila kujongea huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Na hatari hiyo haiko nyuma tu, hata wa siti za bei inawapata wasipojongea. Anayepanga siti za kikundi awaweke wazee upande wa njia, wasimame na kutembea bila kuomba ruhusa kwa watu wawili kila mara. Ikitokea siti moja ya mbele, apewe mgonjwa au mzee kuliko wote, na kijana wa kumsaidia asiwe mbali. Wewe kijana uliyekaa mbele ya mzee, kabla hujalaza siti yako geuka umwambie. Kuna mufasirina waliosema yule rafiki wa ubavuni aliyetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 36, anaingia humo mwenzako wa safarini. Magoti yake yana haki juu yako.

Kuhusu kusengenya: Hind bint Utba alikwenda kwa Mtume kumshitaki mumewe Abu Sufyan kwamba ni bahili, akamtaja kwa jina, na Mtume hakumkataza, alimjibu swali lake. Anayedai haki yake au anayeuliza hukumu hasengenyi. Ila mfuate kwanza kiongozi mwenyewe, kwa adabu, umuulize mambo mawili: siti ile ililipiwa na nani, na kama ilikuwa ya bure, kwa nini hakupewa mzee. Asipokujibu, peleka kwa uongozi wa taasisi yake kwa maandishi. Na wanaojiandikisha kwa msimu ujao, waulizeni haya kabla hamjatoa pesa, jibu liandikwe kwenye mkataba.

Wallaahu a'lam.