Dawa ndani ya meno ya kukhu? Sawa, lakini iwe na tarehe ya kutoka

Wasee, leo tuongelee meno ya kukhu. Ama cucu, ama dani, vile mnamwita kwenu. Yale meno yanayolala kwenye kikombe usiku, ama mbaya zaidi, yale hayalali popote kwa sababu hayatokangi mdomoni.

Kuna wazo ambalo watafiti wa meno wamelifanyia kazi miaka mingi: kuchanganya dawa ya kuua vijidudu ndani ya bitana laini ya meno bandia. Mimi naliunga mkono. Lakini nina masharti, na moja linakuhusu wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu.

Kwanza tuelewane. Meno yaking'olewa, mfupa wa taya huendelea kupungua mwaka baada ya mwaka. Meno bandia yaliyokaa fiti wakati ule sasa yanacheza kama kiatu cha kuazima, na yanachubua ufizi. Hapo daktari anaweza kuyawekea bitana upande unaogusa ufizi, kama ile ya koti: tabaka laini la akriliki ama silikoni la kupunguza makali ya kutafuna.

Shida ni kwamba kinachomfurahisha kukhu kinafurahisha kuvu pia. Bitana ina vitundu vidogo, na ile ya akriliki hupoteza vilainishi vyake polepole, ikawa ngumu na yenye kukwaruza. Kuvu inayoitwa Candida albicans inapata joto, unyevu na mabaki ya chakula, inajenga utando wake na kutulia. Ufizi na kaakaa vinakuwa vyekundu chini ya meno. Mara nyingi haviumi, kwa hivyo mzee hasemi kitu. Akiwa na kisukari, mdomo mkavu ama kinga iliyoshuka, hatari inapanda. Na hii kuvu si mchezo: Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la juu kabisa la kuvu zinazohitaji utafiti na hatua za haraka.

Wazo la dawa si la jana. Mwaka 1973 Douglas na Walker waliandika katika jarida la madaktari wa meno la Uingereza kuhusu kuweka nistatini ndani ya bitana. Nistatini yenyewe iligunduliwa 1950 na wanawake wawili Wamarekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Mantiki yake iko poa: dawa ya maji ya kuvu ya mdomo kwa kawaida hutumiwa mara nne kwa siku, na mate huiosha haraka. Bitana inakaa palepale kuvu ilipo. Tangu hapo watu wamejaribu flukonazoli, klorheksidini, chembe ndogo sana za madini ya fedha, hata oksidi ya zinki.

Sasa fikiria mzee aliyepigwa na kiharusi, mkono hauwezi kushika mswaki. Ama yule ambaye kumbukumbu imeanza kumtoka. Kumwambia "kumbuka dawa mara nne" ni kumchezea. Kwa huyo, dawa isiyohitaji kukumbukwa si anasa. Hapo ndipo nasimama.

Lakini dawa huwa inaisha. Mara nyingi hutoka kwa wingi siku za mwanzo, halafu inabaki kidogo kidogo. Na dawa kidogo isiyoua ni tuisheni ya bure kwa kuvu: inajifunza kuizoea. Ukiongeza dawa nyingi, bitana yenyewe inaweza kudhoofika ama kubanduka. Na kazi kubwa hadi leo imefanywa maabara, si mdomoni mwa mtu anayekula mahindi choma.

Kuna mtu atasema: wazee wa mashambani hawawezi kurudi kliniki kila saa, basi wapewe bitana yenye dawa na mambo yaishe. Naelewa, nauli si utani. Lakini hiyo hoja inanigeuza upande mwingine kabisa. Mzee wa Chekalini asiyerudi ndiye atakaa na bitana iliyoisha dawa miaka mitatu, akidhani bado inamlinda. Kwa hivyo iwe matibabu ya muda, iwe na tarehe ya kutolewa, na mwenye mdomo aambiwe ni dawa gani amewekewa na lini arudi. Shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Moi iko hapo Eldoret. Watu wa kupima hii kitu na wazee wa huku, kwa chakula cha huku, si lazima watoke ng'ambo.

Sasa sharti lako. Sisi ni wakali wa kutumia kukhu pesa, lakini meno yake hatujawahi kuyaona. Ukienda nyumbani, muulize kwa heshima kama yanamchubua. Yatolewe usiku, yaoshwe kwa sabuni na mswaki laini, yakae kwa maji safi, si ya moto kwa sababu yatapinda. Bitana laini huchanika haraka, kwa hivyo usiisugue kwa nguvu ama kuiloweka kwa kemikali kabla ya kumuuliza daktari. Usimnunulie antibayotiki pia. Hizo ni za bakteria, na zinaweza kuipa kuvu nafasi zaidi. Na tafadhali, hakuna kusaga tembe na kuzipaka kwenye meno.

Hii stori ni ya heshima. Kukhu anayesukuma sahani ya ingokho mbele ya wageni akisema ameshiba, huenda hajashiba. Dawa ndani ya bitana inaweza kumsaidia kwa wiki kadhaa. Wiki zinazofuata zinahitaji mtu wa kumuuliza, "Kukhu, naomba nikuoshee meno."