Mtoto wa Staa Kashusha Ng'eng'e, Mtandao Mzima Ukazizima: Ada Inanunua Nini Hasa?

Video yenyewe haifiki hata dakika moja. Binti wa staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, miaka sita tu, yuko siti ya nyuma ya gari na yunifomu yake ya shule ya intaneshno. Anamsimulia baba yake siku ilivyokwenda, Kiingereza mwanzo mwisho, kile cha puani kabisa. Baba anacheka, anachomekea neno mojamoja, halafu anatania kwamba nyumbani sasa itabidi atafute mkalimani.

Chini ya video watu wakamwaga sifa. Dogo ana akili, dogo ana madini, dogo yuko mbali. Wengi wao ndio haohao waliomgeuza baba yake kichekesho siku alipohojiwa nje ya nchi akababaika kwenye Kiingereza. Siku ile aliambiwa ni mshamba. Leo mwanaye anaambiwa ni jiniasi. Kilichobadilika kati ya baba na mtoto siyo damu, ni ada.

Jamaa kasoma St. Kayumba za uswahilini, akamalizia shule ya kata. Anayajua madarasa ya kubanana na kitabu kimoja mnagombania watu wanne. Aliyechekwa vile akapata hela, atampeleka wapi mwanaye? Kumlaumu mzazi wa namna hiyo ni roho mbaya tu. Mama muuza vitumbua anayecheza vikoba ili alipe English medium ya mtaani naye anafanya hesabu hiyohiyo, ila yeye hana kamera.

Tatizo liko kwenye hilo neno "akili".

Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Sayansi kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, hadi mtihani wa darasa la saba. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Anapewa wiki chache za kozi ya lugha, kisha mwendo. Mtoto aliyeijua vizuri usanisinuru, akachora jani na jua lake bila kukosea, anafika sekondari anakutana na "photosynthesis" na anakaa kimya kama hajawahi kuisikia. Mwenzake wa English medium alilizoea neno hilo tangu msingi. Mwalimu akiuliza swali, mmoja ananyoosha mkono, mwingine anainamisha kichwa. Darasa zima linajua nani "kipanga" na nani "kilaza", kumbe wote wawili wanajua jani linavyojitengenezea chakula.

Kwa hiyo ada, iwe ya laki kadhaa au zile za intaneshno za Dar zinazozidi milioni 20 kwa mwaka, kazi yake kubwa ni kumsogeza mtoto mbele ya mstari kabla filimbi haijalia. Inanunua darasa lisilobanana, choo kinachofungika na mwalimu anayelijua jina la mtoto. Kule juu zaidi inanunua na marafiki, maana mtu anayekaa dawati moja na mtoto wa mkurugenzi hatahangaika sana kutafuta koneksheni baadaye.

Halafu siyo kila shule ya kulipia ni dhahabu. Zipo ambazo mzazi analipia basi la njano na sweta lenye nembo, huku Kiingereza cha mwalimu mwenyewe kinachechemea. Na shule za serikali za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe zimetoa vichwa vya kutisha. Ila nafasi zake zinahesabika. Miaka ile Baraza la Mitihani lilipokuwa likitangaza kumi bora, kabla halijaacha mwaka 2023, orodha ilijaa shule binafsi na seminari.

Utu uzimani mchezo unaendelea. Mrembo mmoja aliyewahi kuvaa taji kapewa kipindi cha runinga cha Kiswahili, watazamaji Waswahili, wageni Waswahili. Kilichompa kazi, kwa wanaoujua mchongo, ni lafudhi yake. Dada aliyesota miaka redio za mikoani, mwenye Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni, hakuitwa hata kwenye usaili. Kampuni zinazotafuta mabalozi wa kuuza sabuni na vocha uswahilini nazo zinapenda sura na sauti za kishua. Kiingereza kinatumika kama kipimo hata pale ambapo kazi yenyewe haikihitaji.

Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na sheria ya elimu ya 1969 iliyoziweka shule nyingi za misheni chini ya serikali, mtoto wa kigogo na mtoto wa mkulima waliweza kukutana bweni moja. Usawa haukuwa kamili, lakini maharage yakiwa na wadudu, kigogo alisikia kutoka kwa mwanaye. Leo mwenye jina, mwenye cheo na mwenye wafuasi milioni wote wamehamisha watoto wao. Paa la shule ya kata likivuja, halimvujii mtoto wa yeyote anayesikilizwa.

Serikali imesogea. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, kidato cha tano na sita ikafuata 2022, na mtaala mpya ulioanza 2024 unamfundisha mtoto Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza. Ni hatua, tena ya maana. Ila kwenye darasa la watoto zaidi ya 100, ambayo kwa Dar siyo habari ya ajabu, mwalimu mmoja atamsikiliza nani akitamka?

Miaka miwili nyuma staa wetu alirudi shule yake ya zamani kushuti video. Watoto wakacheza nyuma yake na yunifomu zao zilizopauka, wimbo ukatrendi, gari likaondoka. Madawati hayakuongezeka.

Hakuna anayemtaka amtoe binti yake alipo. Asome, ang'are. Lakini ana wafuasi ambao waziri hana, na akiuliza kwenye ukurasa wake kwa nini watoto wale wanakaa sakafuni, kesho yake kuna mtu ofisini atatakiwa kujibu. Wale waliocheza nyuma yake nao wana akili. Wao hawana wa kuwalipia, na hadi sasa hawana wa kuwasemea.