Kumbukumbu za seva zipigwe muhuri kabla ya ugomvi

Mwishoni mwa Agosti 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliiamuru Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iwape walalamikaji nafasi ya kuzisoma logi za seva zake, yaani kumbukumbu ambazo kompyuta hujiandikia yenyewe: nani aliingia, saa ngapi, akagusa nini. Ruhusa ilikuwa ya kusoma tu. Tume haikuitekeleza amri hiyo ipasavyo, na tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita walioamua kesi waliubatilisha uchaguzi wa rais. Katika hukumu kamili ya tarehe 20 Septemba walieleza kwamba ukaidi huo uliwaacha bila njia ila kuyakubali madai ya walalamikaji: ama mfumo uliingiliwa, ama maofisa wenyewe waliuchezea, ama Tume ililemewa na kazi ya kupeperusha matokeo na haikutaka kukiri. Miaka mitano baadaye kibao kikageuka. Safari hii logi zililetwa mahakamani na upande wa walalamikaji, na tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba baadhi ya zilizowasilishwa kama ushahidi zilikuwa za uchaguzi wa 2017 na nyingine zilikuwa za kughushi.

Mara ya kwanza, basi, hapakuwa na logi za kusoma, na mara ya pili zikapatikana za bandia. Mara zote mbili taifa lilikosa kipimo ambacho wakili wa upande wowote angeweza kukitumia, mezani kwake, kujua kama maandishi aliyoshika ndiyo yaleyale yaliyoandikwa na mashine usiku wa kuhesabu kura. Mzigo wote wa kupambanua ukawaangukia majaji, ndani ya siku 14 ambazo Katiba ya Kenya inawapa kusikiliza na kuamua shauri la urais. Ninachokitetea hapa ni kwamba kila mfumo wa umma unaoamua kura, fedha au ardhi ya watu ujengwe tangu siku ya kwanza ukiwa na logi zinazofichua zikichakachuliwa, na muhuri wa logi hizo utunzwe nje ya mikono ya mwenye mfumo. Kuzifungua seva baada ya ugomvi kuanza ni kuchelewa, kwa sababu kufikia hapo kila upande una sababu ya kutoamini utakachoonyeshwa.

Wengi hudhani kwamba kilichoandikwa na kompyuta hakina upendeleo. Logi ya kawaida ni faili la maandishi tu, na anayeshika nywila ya msimamizi wa mfumo anaweza kulifungua, kufuta mstari, kusogeza saa, kisha kulifunga bila kuacha alama. Yeye ndiye logi inapaswa kumchunga, na yeye ndiye anayeitunza. Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Februari 2016 wezi walioingia katika mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo ya malipo kwa Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, na dola milioni 81 zikaishia Ufilipino. Programu waliyoipandikiza ilifuta kumbukumbu za maagizo hayo na kuchezea hata karatasi za uthibitisho zilizokuwa zikitoka kwenye printa. Kumbukumbu iliyopaswa kupiga kelele ilinyamazishwa kwanza.

Uingereza ina mfano unaouma zaidi, kwa sababu huko waliokandamizwa na kumbukumbu walikuwa watu wasio na hatia. Kuanzia 1999 shirika la posta, Post Office, lilisambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, waendesha vituo vya posta walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu, na zaidi ya 900 wakatiwa hatiani. Walipouliza kama kuna mtu anayeweza kuingia katika hesabu zao kutoka mbali, waliambiwa kwa miaka mingi kwamba haiwezekani. Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kwamba iliwezekana: wafanyakazi wa Fujitsu walikuwa na uwezo wa kuingiza na kubadilisha miamala bila mwenye kituo kujua. Bunge lilizifuta nyingi ya hukumu hizo za hatia kwa sheria maalumu mwaka 2024. Mwaka uleule wa 1999 Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kuondoa sharti la kuthibitisha kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa kabla ya maandishi yake kupokelewa kama ushahidi. Mshtakiwa akaachiwa kazi ya kuthibitisha kosa la mashine asiyoruhusiwa hata kuichungulia.

Dawa yake inajulikana, na si ngumu kuielewa. Kuna hesabu, wataalamu huiita heshi, inayochukua maandishi ya urefu wowote na kuyatolea alama fupi yenye urefu uleule siku zote; kwa kanuni iitwayo SHA-256, alama hiyo ina herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja katika maandishi, alama nzima inageuka, na hakuna anayejua njia ya kutunga maandishi mengine yatakayotoa alama ileile. Tuseme mstari wa 5,210 wa logi ya halmashauri unasema kwamba saa 4:12 usiku msimamizi alibadilisha deni la kodi kutoka shilingi 480,000 kuwa 48,000. Alama ya mstari huo inaingizwa ndani ya mstari wa 5,211 kabla huo nao haujapigiwa alama yake, na ya 5,211 inaingia ndani ya 5,212, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kesho yake akitaka kulifuta tendo lake, akiugusa mstari wa 5,210 mistari yote inayoufuata inakataa. Kitabu cha stakabadhi chenye namba zilizochapwa mfululizo kilifanya kazi hiyo kwa karne nzima: karatasi ikichanwa, pengo linaonekana.

Hata hivyo mnyororo pekee hautoshi, na hapa ndipo mifumo mingi inayojinadi kuwa salama huishia njiani. Msimamizi mwenye muda na mamlaka anaweza kuuandika upya mnyororo wote, mstari hadi mstari, ukatoka safi. Kwa hiyo alama ya mwisho ya kila saa au kila siku lazima itoke nje, iende kwa mtu ambaye msimamizi hawezi kumwamuru. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Stuart Haber na Scott Stornetta, walichapisha namna ya kupiga nyaraka za kidijitali muhuri wa tarehe, na tangu 1995 kampuni yao ikawa inachapisha alama ya wiki katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Ujanja wake uko wazi: anayetaka kughushi rekodi ya wiki iliyopita inambidi pia akusanye kila nakala ya gazeti iliyokwisha kusambazwa maktabani na majumbani. Gazeti kama hili, ambalo huchapisha notisi za mahakama na za minada, halitashindwa na mstari mmoja wa herufi 64.

Kuna pia chombo cha kuzisomea logi, ambacho wanasiasa hawakizungumzii kabisa. Logi ya mfumo mkubwa hufikisha mamilioni ya mistari, na kumkabidhi mkaguzi rundo hilo ni sawa na kumnyima. Programu ya kuzisomea inapaswa kuendeshwa kwenye kompyuta ya mkaguzi mwenyewe, isiwe na uwezo wowote wa kuandika kwenye seva, ipige upya hesabu ya kila alama, kisha ioneshe mstari wa kwanza uliovunjika na saa yake, kwa Kiswahili anachoweza kukielewa hakimu na wakala wa chama. Iwe pia inajiandikia nani ameitumia na ametafuta nini, kwa maana anayechungulia kumbukumbu za watu naye achunguliwe.

Watakaopinga watataja gharama kwanza. Hiyo haina uzito. Simu ya kawaida inapiga maelfu ya alama hizi kwa sekunde moja, na tangu 2012 systemd, programu inayoendesha seva nyingi za Linux, inaweza kuzipiga muhuri logi zake kila baada ya dakika 15 bila malipo yoyote. Inapowashwa huonesha ufunguo wa kuhakikia kama picha ya msimbo, ili mtu aupige kwa simu na kuondoka nao, usibaki kwenye mashine. Lakini haijiwashi yenyewe. Lazima kuwe na anayeidai.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi, nalo lilisikika Kenya mwaka 2017: kuanika logi ni kuwapa wahalifu ramani ya mfumo. Ni kweli kwamba logi yenyewe inaweza kufichua mengi. Lakini kinachotoka nje ni alama, na alama haimwambii mtu chochote kuhusu yaliyomo. Kwa hiyo tume inaweza kuchapisha muhuri wake kila saa usiku wa uchaguzi bila kufungua hata faili moja, kisha siku mahakama ikiamuru, faili litakalotolewa lilinganishwe na muhuri ambao vyama vyote tayari vinao. Jibu hilo linafaa pia kwa wanaohofia faragha, alimradi majina na namba za simu za wananchi zisiandikwe ndani ya logi, bali zihifadhiwe mahali pengine panapoweza kusahihishwa au kufutwa kama sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinavyotaka, Kenya ile ya 2019 na Tanzania ile ya 2022.

Pingamizi lililobaki ndilo la kweli, na halina jibu kamili. Muhuri hauthibitishi kwamba kilichoandikwa ni kweli; unathibitisha tu kwamba hakijabadilishwa tangu kiandikwe. Karani akiingiza namba ya uongo, mnyororo utaulinda uongo wake kwa uaminifu uleule. Lakini utalinda pia saa aliyouingiza na jina la akaunti aliyoitumia, na hata akija kusahihisha, sahihisho litakaa chini ya kosa bila kulifunika. Kwa mchunguzi, uongo uliogandishwa pamoja na jina la mwenyewe ni mali kuliko ukweli unaoweza kufutwa.

Sheria zetu ziko nusu ya njia. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka cheti kutoka kwa ofisa mwenye dhamana ya kompyuta husika, maana yake mtunzaji ajitolee ushahidi mwenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inamtaka hakimu apime jinsi kumbukumbu ilivyotunzwa, lakini haimwekei mtunza mfumo wajibu wa kuipiga muhuri. Wabunge waliongeze sharti hilo, na kabla hawajafika huko, maofisa wa ununuzi waliandike kwenye zabuni: kampuni isiyoweza kuonesha logi zenye mnyororo na muhuri wa nje isipewe kazi ya uchaguzi, ya kodi wala ya hati za ardhi. Kenya itapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. IEBC iseme mapema, kwa maandishi, muhuri wa seva zake utatoka kila baada ya muda gani na utapelekwa kwa nani, na vyama vinavyojiandaa kwa mikutano ya hadhara viidai kauli hiyo sasa, wakati hakuna mshindi wala mshindwa.