Refa wa Ndondo Ajinunulie Filimbi? Hapo Tunajidanganya

Wadau wa Ifakara, hili tuongee bila kuzungushana. Mpunga ukishavunwa na pesa ikaonekana mtaani, ndondo za vijana zinaota kila kona, kuanzia Kibaoni na Lipangalala mpaka kule Mang'ula. Mbuzi wa bingwa yupo, jezi zipo, spika na MC wa kuchangamsha watu wapo. Ila mwulize refa wa kujitolea filimbi kaitoa wapi. Kanunua mwenyewe. Kadi kanunua mwenyewe, saa ya kwake, na raba anazochezeshea ndizo hizohizo za kutokea.

Kuna kiongozi mmoja wa timu, jina kapuni, anasema refa anayeipenda kazi ajitegemee. Mbona fundi ana nyundo yake na bodaboda ana helmeti yake? Inasikika vizuri, ila haisimami. Fundi anakulipisha, na bei ya nyundo imo humohumo. Bodaboda hela ya helmeti inarudi kwa nauli. Refa wa kujitolea inarudi kwa nini? Soda moja na asante, tena akibahatika.

Sheria namba 5 ya soka inataka refa awe na filimbi, saa, kadi nyekundu na njano, na kidaftari. Haisemi pesa itoke mfukoni mwake. Kadi zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, ili mchezaji wa lugha yoyote aelewe kaonywa au katolewa. Refa asiye na kadi anaonya kwa mdomo, na kwenye mdomo ndipo ugomvi unapoanzia.

Sasa tuambiane ukweli: refa akishindwa kununua vifaa, atanunuliwa yeye. Bosi wa mashine ya kukoboa mpunga ana timu yake. Anamwita refa pembeni, "Mdogo wangu, chukua hizi njumu, naona zako zimechoka." Jumapili refa anapuliza penati dakika ya 88. Hata ikiwa halali kabisa, nani ataamini?

Halafu kuna usalama. Kwenye besiboli, mwamuzi wa nyuma ya mdakaji anavaa kinyago na kinga ya kifua, maana mpira unamjia usoni. Wa kwetu mpira haumtishi, kinachomtisha ni mashabiki wanaoingia uwanjani. Kinga yake ni kamba ya kuzungushia uwanja na mgambo wawili watatu. Na hao mgambo awalipe yeye?

Viatu sawa, kila mtu na mguu wake, ligi imchangie tu. Vingine vyote viwe mali ya ligi: filimbi mbili, kadi, saa, vibendera, jezi za waamuzi na kamba, kwenye begi moja. Pesa itoke kwenye ada ya kujisajili, kila timu kiasi kilekile, isomwe mbele ya makapteni wote. Ikibidi, mbuzi awe mdogo kidogo. Vijana watasahau uzito wa mbuzi, ila fainali iliyovunjika kwa sababu refa kavaa njumu za tajiri hawaisahau.

Mtaani kwenu begi la refa linanunuliwa na nani? Shusha komenti, ila majina ya watu weka kapuni.