Damu Isigande, Bakteria Wasife

Hapa Richardson baadhi yetu tunasoma sayansi mchana na Kiswahili jioni. Safari hii masomo hayo mawili yamekutana ndani ya chupa ya damu.

Tulijiuliza: dawa inayotiwa kwenye damu ya vipimo ili isigande, tuiiteje? Wengine tulisema “dawa ya kuyeyusha damu.” Hapana. Haiyeyushi kitu, inazuia tu. Tukakubaliana: kizuia mgando.

Damu inayopelekwa kuoteshwa bakteria haitakiwi kuganda, kwa sababu donge la damu huwafungia bakteria ndani wakashindwa kuota. Lakini si kila kizuia mgando kinafaa. EDTA na sitreti hukamata kalsiamu, ambayo damu huihitaji ili igande. Ni nzuri kwa vipimo vingine, ila huweza kuwazuia bakteria wenyewe. Heparini nayo ina kasoro hiyo hiyo.

Kinachochaguliwa ni SPS, yaani sodiamu polianetoli sulfoneti, kwa kawaida asilimia 0.025 hadi 0.05. Chenyewe hufanya zaidi ya kuzuia mgando: hutuliza protini za kinga zinazoua bakteria, huzuia seli nyeupe zisiwameze, na hupunguza makali ya dawa kama gentamisini iliyobaki kwenye damu.

Hakikosi dosari. Huweza kuwazuia baadhi ya bakteria, wakiwemo wa kisonono na meningokoki wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Jelatini ikiongezwa hupunguza tatizo hilo.

Kwa mnaokwenda mazoezi ya maabara: kifuniko cha zambarau ni EDTA, kijani ni heparini, buluu ni sitreti, na njano ni SPS. Lakini kuna kizuia mgando kingine, ACD, ambacho nacho huvaa njano. Kwa hiyo msiamini rangi, someni lebo.

Je, jambo hili lina uzito gani? Tutazame Kilifi, pwani ya Kenya. Kati ya 1998 na 2002, watafiti waliotesha damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya. Matokeo yalichapishwa 2005: kati ya watoto 16,570, watoto 1,094 walikuwa na bakteria kwenye damu, na takriban robo ya vifo vya watoto hospitalini vilikuwa vya watoto wa kundi hilo. Watoto hao wangetiwa damu yao kwenye chupa isiyofaa, huenda majibu ya baadhi yao yangesema “hakuna kitu,” na daktari angeyaamini.

Swali la mwezi ujao: ile mashine inayozungusha damu mpaka seli zikatengana na majimaji yake, tuiiteje? Leteni majibu kwenye kikao.